Radhi ya Sekunde Ishirini na Mbili

Ujumbe wenyewe ni wa sekunde ishirini na mbili. Nimeusikiliza mara nyingi mpaka najua pale anapovuta pumzi. Simu yangu sinayo tena, iko mahakamani ndani ya mfuko wa nailoni wenye namba, lakini siihitaji. Nikitulia tu nausikia.

"Mama, niombee. Tuko Jules, hapa kwenye roboti. Thabo anaendesha kama kichaa, eish, leo ataua mtu. Niombee tu, mama."

Huyo ni mwanangu Bakiri, wa kwanza, ana miaka ishirini na mitatu. Roboti huku ndiyo taa za barabarani, na Jules ni barabara ndefu inayopita hapa kwetu Malvern. Thabo alikuwa rafiki yake tangu shule ya msingi. Kazi yake ilikuwa kubeba abiria wanaoita gari kwa simu, na siku zote alikuwa mtu wa haraka. Kwa hiyo niliposikia kwamba Thabo anaendesha kama kichaa sikuona jipya.

Nyumbani kwangu hakuna anayetoka bila kuomba radhi ya mama. Hivyo nililelewa Tanga, na hivyo nimewalea wanangu hapa, japo wenzao wa mtaani wanatoka na kuingia kama paka. Unakwenda shule, omba radhi. Unakwenda kwenye mtihani, omba radhi. Marehemu baba yao, Mselem, alikuwa akiiga na yeye. Asubuhi akienda kazini anasimama mlangoni, mkono kifuani, ananiambia, "Mama, niombee," na watoto wanacheka. Bakiri alipokua na kuanza kutembea mbali, akawa anaomba kwa simu. Nilikuwa naona fahari. Wanawake wengine wakilalamika kwamba watoto waliozaliwa huku hawasemi hata Kiswahili, mimi nilikuwa nawasikilizisha sauti ya mwanangu.

Siku ile ilikuwa Jumatano, baada ya adhuhuri. Nilikuwa nachoma manda za sambusa. Ndiyo kazi yangu, napeleka kwenye hoteli mbili za Fordsburg. Manda haitaki uiache juu ya chuma. Ikizidi kidogo inakauka, na ikikauka haikunjiki, inavunjika mkononi. Simu ikalia pembeni ya unga. Nikabonyeza kwa kiwiko, nikasikiliza, nikainama juu yake nikajibu, "Fii amanillah, mwanangu. Mungu akuhifadhi." Kisha nikageuza manda.

Polisi wanasema ilikuwa dakika nne baadaye. Gari ilipanda kando ya barabara, ikamgonga mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa anachoma mahindi mbele ya spaza, kiduka cha mtaani, ikaishia kwenye nguzo. Yule mama alikuwa anaitwa Jeannine. Alikufa palepale. Thabo alikufa siku ya pili hospitali. Mwanangu alivunjika mfupa wa bega, na miguuni mwake ulikutwa mfuko wenye simu mpya kumi na moja, za duka moja la Fordsburg. Bastola iliyokutwa garini ilikuwa ya Thabo. Mfuko ulikuwa wa Bakiri, ule niliomnunulia mwenyewe wa kuendea chuo.

Wizi nilijua ni wizi. Sikumtafutia maneno. Nililia, nikaswali, nikasema alipe alichofanya. Lakini walipomsomea shitaka la pili, la kumuua Jeannine, nilidhani wamechanganya mafaili. Aliyeshika usukani alikuwa keshazikwa. Wangu alikaa kiti cha nyuma.

Nilimweleza Shufaa, jirani yangu, Mzanzibari, mwanamke ambaye ukimwambia jambo lazima akupe la kufanya.

"We Mama Bakiri," akaniambia, "una sauti ya mtoto analalamika kwamba mwenzake ataua, na umeikalia? Unangoja nini, waje wakuombe?"

"Nangoja wakili."

"Wakili wa serikali, bure, utamwona lini? Mpelelezi yupo leo. Ipeleke asikie kwamba mtoto hakutaka."

Nikaona ana hoja. Na mimi moyoni nilikuwa na wazo langu, kwamba mkweli haogopi polisi. Nikavaa baibui safi, nikaenda kituoni bila kumngoja mtu.

Mpelelezi alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamchezea ujumbe. Akauliza anasema nini, nikamfasiria mwenyewe kwa Kizulu changu cha sokoni. Nilipofika pale pa "ataua mtu" nilirudia mara mbili ili aandike vizuri. Akaandika. Akauliza ilifika saa ngapi, nikamwonyesha saa kwenye simu. Kisha akasimama mwenyewe akaniletea chai. Nimekaa mji huu miaka ishirini na minne. Polisi wameniuliza karatasi, wameniuliza natoka wapi na narudi lini. Hajatokea mmoja akaniuliza nataka sukari vijiko vingapi. Nilipaswa kushtuka pale. Nilikunywa chai nikashukuru.

Wakili nilimwona wiki mbili baadaye. Alikuwa binti wa miaka kama thelathini na tano, anaitwa Eva. Baba yake alikuwa mmoja wa wale waliokimbilia Tanzania wakati wa kupigania uhuru, akaishi Morogoro, akaoa huko, akarudi na mke na mtoto. Kiswahili chake ni cha mama yake, kinakatikakatika, lakini adabu anayo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akafungua faili. Nikamwona anabonyeza kalamu, anaifunga, anabonyeza.

"Mama, nani alikwambia uipeleke simu?"

"Mwenyewe. Nilitaka wajue kwamba alimkanya mwenzake."

"Hakumkanya. Alikuambia wewe." Akaweka kalamu chini. "Sikiliza, mama. Hii sheria ya hapa haiulizi tu nani alishika usukani. Inauliza, mlikuwa kwenye kazi moja? Kuiba na kukimbia ni kazi moja, haiishi mpaka wamefika. Halafu inauliza, wewe uliyekaa nyuma, uliona moyoni mwako kwamba mtu anaweza kufa, na ukakubali kuendelea? Ukiwa uliona ukakubali, ni kama umeua na wewe."

"Na kama hakuona?"

"Ndiyo nilitaka kusema hivyo. Kijana ameinama nyuma, anaogopa, hajui mbele kuna nini. Hakuna aliyekuwemo kwenye gari wa kubisha, Thabo amekufa. Simu ya Bakiri ilisagika." Akanitazama, si kwa ukali. "Sasa mwenyewe anasema. Leo ataua mtu."

Nikasema, "Basi nimemfunga mimi."

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema kwa adabu."

Hakucheka wala hakubisha. Akaniambia bado kuna njia. Atasema kwamba ule ulikuwa ni ukelele wa mtu aliyetekwa, kijana anamlilia mama yake amwokoe. Kwamba moyoni alikuwa keshajitenga na Thabo, ila hakuwa na pa kutokea. Ila mwendesha mashtaka ataniita mimi kizimbani, kwa sababu ujumbe ulikuja kwangu, na mzazi hapa haruhusiwi kukataa. "Siwezi kukuambia useme uongo," akasema. "Nakuambia tu kwamba nitakuuliza, aliposema niombee, alitaka nini. Lifikirie."

Nililifikiria miezi saba.

Jumamosi moja nilikwenda kumwona gerezani. Tunaongea kwa simu ya ukutani, kioo katikati. Bega lake limeunga vibaya, moja liko juu ya jingine. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwa nimemuuliza mtu.

"Bakiri, pale kwenye roboti gari ilikuwa imesimama?"

"Ilisimama. Kulikuwa na lori mbele."

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

Akatazama mikono yake. Mtoto huyu tangu mdogo akitaka kusema kweli hutazama mikono.

"Ulikuwa unafunguka, mama."

"Sasa mbona hukushuka?"

"Nilimwonea aibu Thabo. Nimwache peke yake pale?" Akahamishia simu sikio la pili. "Na nilikutumia wewe. Ukajibu. Nikajua tutafika."

Nilirudisha simu ukutani nikatoka. Nimewahi kusikia watu wakisema dua zao hazikujibiwa. Mimi yangu mwanangu aliipokea akaiamini, akafunga mkanda akakaa. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasikia mlio wa taa ya kukata kona kwenye ule ujumbe, tik, tik, tik, nyuma ya sauti yake. Ziko kumi na moja. Mtu anashuka garini kwa muda wa tik tatu.

Shufaa alikuja jioni na ushauri mwingine. "Kizimbani sema sauti huijui vizuri. Simu zinabadilisha sauti. Nani atakukamata?"

"Nitakuwa nimeapa, Shufaa."

"Mungu anajua kuwa wewe ni mama."

"Anajua na mengine."

"Haya, mpe basi huo ukweli wako mtoto akaule huko ndani," akasema, kisha akajuta, akaniosha vyombo vyote vya manda bila kusema tena.

Kesi ilipoanza, asubuhi tulikuwa tunangoja kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama. Benchi ni moja tu. Wa kwetu na wa marehemu wanakaa palepale. Mwanamke mmoja alikuwa anakuja kila siku, mfupi, kitenge cha kijani, mkoba mkubwa ameuweka kando yake kwenye benchi pahali pa mtu. Mimi nilikuwa nasimama. Siku ya tatu akaniambia, bila kunitazama:

"We njo mama ya ule kijana?"

"Ndiye mimi."

"Miye ni Murielle. Jeannine ni dada yangu."

Nikampa pole. Pole yenyewe ilitoka ndogo, kama ya mtu anayepita msibani kwa jirani wa mbali.

"Wanasema alikutumia sauti," akasema. "Ati umuombee."

"Ndiyo."

"Ukamuombea?"

"Nilimwombea."

"Yeye tu?"

Sikuelewa kwanza. Akageuka akanitazama. Macho yalikuwa makavu, yamechoka kama yangu.

"Alikuambia ataua mtu. Ulimuombea yeye. Na ule mtu?"

Tuliitwa ndani. Usiku na mchana nilikuwa nimeupitia ule ujumbe neno kwa neno, nikatafuta hatia ya mwanangu na yangu, na sikuwahi hata siku moja kuuliza huyo "mtu" ni nani. Ni Jeannine. Wakati nasema fii amanillah alikuwa hai, anapepea mkaa.

Niliitwa kizimbani siku iliyofuata. Nikaapa. Kulikuwa na mkalimani, Mkenya, kijana wa tai nyekundu, Kiswahili chake kinakimbia. Wakacheza ujumbe kwenye spika kubwa. Sauti ya mwanangu ikajaa chumba kizima, hata ile pumzi. Bakiri aliinamisha kichwa.

Mwendesha mashtaka akauliza, "Sauti hii ni ya nani?"

Nilimwona Shufaa kwenye viti vya nyuma, ametoa macho.

"Ya mwanangu Bakiri."

"Una hakika?"

"Nimemzaa."

Akanishukuru, akakaa. Hakuwa na haja ya zaidi. Akasimama Eva. Alikuwa na joho jeusi lililomzidi mabega, na alinizungumzia kwa Kiingereza, mkalimani akinifikishia, lakini macho yake yalikuwa yananiambia Kiswahili.

"Mama, Bakiri aliposema 'niombee', wewe ulimwelewaje? Alikuwa anaomba umwokoe?"

Hapo ndipo palipokuwa pamebaki. Wote walikuwa wananingoja. Nikisema ndiyo, alikuwa anaomba kuokolewa, basi alikuwa mateka, na pengine lile shitaka la kuua lingeanguka akabaki na la wizi. Neno lenyewe moja. Na lingeweza hata kuwa kweli, upande mmoja. Aliogopa, nani angebisha?

Lakini mimi ndiye niliyemfundisha lile neno. Nilimfundisha akiwa na miaka mitano, amevaa viatu vya shule vilivyompwaya, nikamwambia usiniombe radhi ukiwa kitandani, omba ukishasimama mlangoni. Kwanza tia nia, kisha omba.

"Kwetu," nikasema, "radhi anaomba anayekwenda. Anayetaka kurudi haombi radhi, anarudi."

Mkalimani alifikisha. Eva aliganda kidogo, akatazama karatasi yake, akasema hana swali jingine. Kazi yake nilikuwa nimeivunja mbele yake.

Jaji alikuwa mzee mwenye kikohozi. Akanigeukia akauliza mwenyewe.

"Wewe ulimjibu nini?"

"Fii amanillah. Mungu akuhifadhi."

"Hukumuuliza kinachoendelea?"

"Sikuuliza. Mikono ilikuwa na unga."

"Hukumwambia ashuke?"

"Sikumwambia, mheshimiwa." Kisha nikaongeza, japo hakuniuliza, "Na yule mama hajaombewa na mtu. Hilo pia liandikwe."

Mkalimani alisita, akanitazama kama anataka kuhakikisha. Nikamwambia sema. Akasema. Jaji aliandika kitu. Sijui kama ni hilo.

Nilitoka nje. Murielle alikuwa keshakaa kwenye benchi. Akauchukua ule mkoba akauweka chini.

"Ikala," akasema. Ndivyo wanavyosema kwao, keti.

Nikaketi.

"Mi sijasamehe," akasema.

"Sijakuomba."

"Niliwaza utaficha."

"Na mimi niliwaza nitaficha."

Akatoa chupa ya maji, akanywa, akaifunga. Baada ya muda akanipa. Tulikaa pale mpaka walinzi wakafunga milango ya upande ule, wawili kwenye benchi moja, tumechoka hata kuonana wageni.

Hukumu ilitoka baada ya wiki tatu. Jaji alisoma saa nzima. Alisema kukimbia kulikuwa sehemu ya wizi. Alisema mshtakiwa alikaa dakika zote zile na mtu ambaye yeye mwenyewe alijua kuwa anaweza kuua, alipata nafasi ya kutoka pale kwenye roboti, akaijua, akaichagua safari. Alisema sauti ya mshtakiwa ndiyo iliyoonyesha alichokiona, na maneno ya mama yake yameonyesha alichokiamua. Ana hatia ya kumuua Jeannine. Miaka ishirini, na ile ya wizi ndani yake.

Eva alinishika mkono. "Ningekuwa na mama kama wewe ningekukasirikia sana," akaniambia polepole, kwa kile Kiswahili chake. "Leo nimekukasirikia. Kesho sijui."

Nikamwambia, "Pumzika, mwanangu. Umefanya kazi."

Kizimba cha mshtakiwa kina ngazi za kushukia mahabusu. Askari alimshika Bakiri kiwiko cha ule upande wa bega bovu. Bakiri akasimama kwenye ngazi ya kwanza, akageuka. Hakuwa amelia wakati wa kusomewa, na hakulia sasa. Mikono ilikuwa imefungwa mbele, lakini alijitahidi akaiinua yote miwili mpaka kifuani, kama baba yake mlangoni.

"Mama. Niombee."

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Maneno yalikuwa pale, ya miaka yote, yanatoka bila kuitwa. Nikaufunga.

"Unakwenda na nani?" nikamuuliza.

Watu waligeuka kunitazama. Askari naye alinitazama, hakujua lugha lakini alijua ni swali, akangoja. Bakiri alitazama mikono yake.

"Peke yangu, mama."

"Unajua uliyemwacha nyuma?"

"Najua."

"Mtaje."

"Jeannine," akasema. Kwenye viti vya mbele nilisikia kitenge kikisogea.

"Basi nenda," nikamwambia. "Nimekuridhia."

Akashuka. Nilihesabu hatua zake mpaka zikaisha.